Chumba cha Zena

Mtaa ulijengwa palipokuwa na shule ya msingi, na Mwanahamisi ndiye aliyeuchora. Wageni waliusifu sana. Mapaa yalikinga mvua yote, kuta za udongo hai zilipoza nyumba bila umeme, na nyumba zenyewe zilifuata pumzi za watu. Akizaliwa mtoto, chumba kilichipuka. Chumba kisicholalwa, kuta zilikaribiana taratibu, nafasi ikahamia kwa jirani mwenye haja.

Baada ya arobaini ya msiba wa Zena, binti wa Mwanahamisi na mumewe, kuta za chumba chake zilianza kusogea. Mwanahamisi akahamishia mto wake humo, nyumba isikie pumzi.

"Mama Zena, unaidanganya nyumba uliyoichora mwenyewe?" mumewe, Shembilu, alimtania kwa upole.

"Niache, Baba Zena. Nimeichora vizuri mno, ndiyo tabu yangu."

Ukutani, upande wa jirani, kichanga kililia. Kilikuwa bado hakijapata chumba.

Asubuhi moja Shembilu alimwita chumbani kwao. Ukuta, laini na wenye vuguvugu, ulikuwa umemeza nusu ya kitanda, upande wa mke.

"Leo rudi ulale huku," alimwomba.

Mwanahamisi aliupapasa ukuta. Haukuwa na ufa hata mmoja.

"Kesho," alisema, akaenda kutandika kitanda cha Zena.