Zamu ya Kusikilizwa

Karani alimuuliza mara mbili kama kweli anataka kupanga foleni na wateja wengine. Mwanamke akasema ndiyo, akasukuma begi lake la nguo chini ya meza ya karani, akakaa kwenye benchi. Akitoka hapa angekwenda moja kwa moja kwa dada yake, na safari hiyo haikuwa ya kusalimia na kurudi.

Zamu yake ilipofika, mshauri nasaha alimtazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akazima simu na kuitia kwenye droo. Ndiyo kanuni yake: mteja akishaketi, hata mbingu zianguke, hakatizwi.

"Karibu," alisema. "Kimekuleta nini?"

"Mume. Saa hizi yuko kazini."

"Ana nini?"

"Ana 'mm'. Bomba linavuja, mm. Mama yangu kalazwa, mm. Huko nje watu wanamsifu, eti ana ulimi wa asali. Mimi hata tone sijaonja."

Mshauri aliandika kitu, akakikata.

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie vipi? Nyumbani ni kimya tu."

"Huo ukimya wa nyumbani," mshauri alisema, "unakukumbusha nini?"

"Baba," alijibu, na neno lenyewe likamshangaza. Baba yake alikuwa mlinzi wa usiku, analala mchana. Watoto walitembea kwa ncha za vidole, wakizibia vicheko kwenye mito ya kulalia. Mama alikuwa akiwaambia, anayempenda baba yake hatoi sauti.

"Kwa hiyo mume akirudi amechoka..."

"Natembea kwa ncha za vidole." Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. "Miaka yote hii namngoja aamke, na sijawahi kumwamsha. Nimefunga begi tu."

"Labda naye aliona kimya chako akadhani umeridhika." Sauti ya mshauri ilikwaruza. "Labda alijiambia, hapa angalau hakuna anayenidai maneno."

"Labda?"

"Nina hakika kiasi."

Karani akagonga mlango. Muda ulikuwa umekwisha, na kwenye benchi watu walikuwa wameanza kukohoa. Mwanamke alisimama, akajifuta uso kwa kiganja. Kifua kilikuwa chepesi, na hilo lilimuudhi kidogo, maana alikuwa amejiandaa kwa hasira.

Mlangoni aligeuka.

"Begi langu liko chini ya meza ya karani, na ni zito. Ukifunga ofisi, uje nalo nyumbani. Na upitie mkate."

"Mm," mshauri alianza, halafu akajirudi. "Mkubwa au mdogo?"