Kola ya Doto

Siku hizi jeshi halimuulizi askari hali yake, linamuuliza mbwa. Kila aliyerudi vitani na majinamizi hupewa mbwa wa kumtuliza, na kola ya mbwa huyo husikiliza moyo wa bwana wake. Moyo ukitulia miezi mitatu mfululizo, askari amepona. Aliyepona hurudishwa vitani.

Mbwa Doto ndiye aliyemrejesha askari Alto mezani kula na watoto. Kila alipoanza kutetemeka, mbwa alimlalia miguuni mpaka mtetemeko ukapita. Dafrosa, mkewe, alimpenda mbwa huyo, na alimwogopa.

Ilibaki siku moja miezi mitatu itimie. Asubuhi hiyo Alto alikaa sebuleni akichambua mchele, akiimba kwa sauti ya chini. Dafrosa alisimama nyuma yake, akainua sufuria kubwa, akaiachia kwenye sakafu ya saruji.

Alto alijitupa chini ya meza, akiita kwa kelele majina ya wenzake waliokufa. Watoto wakaangua kilio. Doto alimlalia kifuani, na kola ikalia: hesabu imeanza upya.

Alipopata pumzi, Alto alimtazama mkewe.

“Imekuponyoka?”

“Imeniponyoka, Baba Ritha.”

“Kama ya mwaka jana?”

Dafrosa aliinama, akaokota sufuria. Alto alizungusha mkono shingoni mwa mbwa, akafumba macho.

“Ukitaka kuiangusha tena,” alisema, “watoe watoto nje kwanza.”