Domomwiko wa Fundi

Mwiko mkubwa wa jikoni ulipotea mwanzoni mwa masika. Fundi seremala aliusaka pamoja na mkewe mchana kutwa, akainua hata godoro, huku akijua fika kwamba jana yake alikuwa ameupigilia msumari usoni mwa ndege wa mbao.

"Mwiko wa marehemu mama yangu," mkewe alilalama. Akamshuku jirani, wakaacha kusalimiana. Fundi akaenda kukoroga chokaa.

Ndege huyo alimchonga kwa hasira. Karakana aliyoachiwa na baba yake ilikuwa ukingoni mwa ziwa, pale msitu wa hifadhi unapoishia, na kila Jumamosi ilimbidi awavumilie watazamaji wa ndege: watu wazima, wake kwa waume, kofia zimefungwa kamba kidevuni, chupa za chai mabegani, wananong'ona kana kwamba wako msibani. Kiongozi wao alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mstaafu wa benki asiyeweza kupiga msumari bila kujiponda kidole. Siku moja fundi alimwita ndege fulani "bata", kibanda chao kizima cha kutazamia ndege kikaangua kicheko. Shemeji ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza.

Kwa miaka mingi walikuwa wakiota kumwona domomwiko, yule ndege mweupe mwenye mdomo bapa kama mwiko. Vizuri. Alfajiri moja fundi aliingia majini mpaka magotini, akamkita domomwiko wake kwenye matete juu ya mguu mmoja wa fito, chokaa mwili mzima, kisha akarudi kunywa chai.

Jumamosi ile watazamaji walilia. Mtu mzima na mvi zake, analilia ubao!

"Njoo umwone, shemeji." Shemeji alimnyooshea darubini. "Maajabu haya."

"Nimwone wa nini? Mimi nina kazi."

Akarudi kwenye randa lake, akacheka peke yake mpaka maranda yakamwingia mdomoni. Kutoka karakanani ndege alionekana kama kitambaa cheupe kilichonasa kwenye matete. Ilitosha.

Masika yalipokuwa yanaisha, ilipiga dhoruba iliyong'oa mabati ya karakana. Watazamaji walikuwa na huzuni siku kadhaa, wakisema ndege hayupo, amekufa. Halafu asubuhi moja zikasikika kelele kibandani: "Yupo! Amerudi!"

"Alikwenda wapi?" fundi alimwambia mkewe. "Nguzo ya umeme nayo huwa inatoka matembezi?"

"Nguzo gani tena?"

"Basi tu. Kaka yako hana akili."

Kipupwe kilipoingia, mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke wa miwani mizito, alisimama mlangoni mwa karakana kumpa habari ambazo hakuziomba. "Leo alikuwa anafagia maji kwa mdomo, fundi. Kushoto, kulia, kushoto. Utadhani anakoroga sufuria."

"Anapika nini, mwalimu?"

"Hebu njoo uangalie."

"Nimeshamwangalia wa kunitosha."

Kiangazi maji yakapungua, wakaanza kusema ana miguu miwili. Fundi alilazimika kuweka msumeno chini na kushika mbavu. Miguu miwili! Watu hawa ukiwapa jiwe watakwambia linapumua. Na ndio walioshika pesa za watu benki, ndio waliofundisha watoto wetu hesabu.

Vuli haikuwa na kicheko. Shemeji alikuja na kofia mkononi.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Halmashauri wamesema domomwiko anataka utulivu. Misumeno, nyundo... Karakana itabidi ihame."

Fundi akamkodolea macho. "Ihame kwa ajili ya yule?"

"Ndiyo."

"Yule ni mbao. Nimemchonga mimi, kwa mikono hii."

Shemeji alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Akavua darubini shingoni. "Chungulia, basi. Mara moja tu."

"Sichungulii upuuzi! Kesho waite wote, na hao wa halmashauri. Nikimtoa majini na misumari yake, karakana inabaki."

"Na ukishindwa?"

"Nitaibomoa mwenyewe."

Kesho yake walijipanga ukingoni: watazamaji, bwana mmoja wa halmashauri mwenye viatu vya kung'aa, na mke wa fundi, aliyekuja kuona mumewe anajiaibisha vipi. Fundi alikunja suruali akaingia majini kwa kishindo.

"Taratibu, utamtisha!" mwalimu alinong'ona.

"Nimtishe?" Fundi aligeuka akawaelekea, akaendelea kwenda kinyumenyume ili asikose kuziona sura zao. "Msimu baada ya msimu mnakodolea fito na chokaa! Kofia mnazo, darubini mnazo, macho ndiyo hamna! Haya, muageni ndege wenu!"

Matete yakamgusa mgongoni. Akapeleka mkono nyuma kumkaba shingo, kwa madaha, bila kugeuka.

Akakamata hewa.

Ukingoni vichwa vyote viliinuka kuelekea angani kwa pamoja, na kivuli chenye mabawa kikapita juu ya maji, kikapita juu ya uso wake. Akayumba. Kisigino kikakanyaga kitu bapa ndani ya tope, akainama, akakivuta. Kilitoka na kichwa cha mbao kilichooza, kimevikwa magugu ya tangu masika.

"Baba!" mkewe alipiga ukelele, darubini ya kaka yake ikiwa machoni. "Huo si mwiko wangu?"