Kivuli cha Koplo Anyelwisye

Siku Koplo Anyelwisye alipoondoka kwenda kulinda mpaka, jeshi lilimletea mkewe kivuli cha kukaa nyumbani badala ya mumewe, kama ilivyo sheria kwa kila familia ya askari. Kivuli kilikuwa na sura yake, sauti yake, hata kile kikohozi chake kabla ya sala ya jioni.

Kambini alichimba mahandaki, akala maharage, akalala na buti miguuni. Kilichompa nguvu ni kujua kwamba nyumbani wanamwombea. Jioni moja, zamu yake ya simu ilipofika, alimuuliza bintiye.

"Lusekelo, jana mliniombea?"

"Tuliombea mvua, na bibi, na ng'ombe anayeumwa."

"Na mimi?"

Mtoto akacheka. "Baba nawe! Si wewe unayetuongoza sala? Sasa tukuombee urudi kutoka wapi?"

"Hebu mpe mama simu."

"Mama anakusikiliza. Unamsomea Zaburi."

Anyelwisye akakata simu taratibu.

Siku hizi Anyelwisye hujiombea mwenyewe, amekaa ukingoni mwa handaki kwa kuwa magoti yamechoka. Hutaja jina lake kamili na mahali alipo, asije Mungu akadhani yuko nyumbani.