Mnong'ono wa Wepukhulu

"Punguza sauti," Wepukhulu alinong'ona tena, na kompyuta ikaandika: punguza soda.

Nderitu, mwenye duka la vifaa vya kompyuta pale Kawangware, alikuna kichwa. Hiyo ilikuwa maikrofoni ya pili, ile ndogo ya kubana kwenye kola. Ya kwanza, kubwa ya kusimama mezani, haikumsikia Wepukhulu hata kidogo. Ilimsikia muuza nyama wa jirani. Huyo ilimwandika vizuri sana: kilo mbili, toa mfupa.

"Pole, mzee," Nderitu alisema, na yeye pia akajikuta ananong'ona. Hata jamaa aliyeingia kununua chaja aliitisha kwa mnong'ono, akalipa, akatoka akinyata kama mtu anayetoka matangani.

Wepukhulu alipangusa jasho. Alikuwa fundi wa mawe, mtu wa kifua kipana, na kila akinong'ona mishipa ya shingo ilimsimama kana kwamba amebeba gunia la simiti. Nderitu alimhurumia, akamwagizia chai ya tangawizi. Mzee aliinywa yote, kisha akaulizia mandazi.

"Kwani hii mashine inafaa kuandika nini?" Nderitu aliuliza.

"Mchezo wa Krismasi," Wepukhulu alinong'ona. "Wa kanisa letu, huko Kambi Muru. Watoto wanangoja. Vidole vimekataa kuchapa, na sauti nayo imebaki hivi unavyosikia. Isipopatikana mashine ya kusikia sauti hii, ataandika Okeyo."

"Na Okeyo ana shida gani?"

"Okeyo akiandika, Yesu huzaliwa watu washaenda nyumbani."

Nderitu alielewa uzito wa jambo. Aliingia nyuma, akapekua maboksi, akarudi na maikrofoni ya kuvaa kichwani, yenye kijiti kinachopinda hadi karibu na mdomo.

"Hii haijali wa mbali, inasikia aliyeivaa tu. Kijiti kiweke kando ya mdomo, si mbele, ndio pumzi isiingie."

Ilimbana. Masikio ya Wepukhulu yalikunjamana kama sambusa.

"Ni ndogo, mzee. Itakuumiza."

"Hiyo si shida."

Wepukhulu alifumba macho, akashusha mabega. Akatoa mnong'ono mdogo kuliko yote ya asubuhi ile, laini, wa kudonoa neno mojamoja: "Baba Mourine, punguza sauti. Baba Mourine, umeacha viatu vyako vya gambuti mlangoni tena. Mamajusi waingie kutoka kushoto."

Nderitu aliinamia kioo cha kompyuta. Kila neno lilikuwa pale. Hata gambuti.

"Imeshika!" alinong'ona, akirukaruka. "Imeshika yote! Lakini huyu Baba Mourine ni nani kwa huo mchezo? Ni yule mbaya?"

Wepukhulu alifikiri kidogo. "Ana kelele," alisema. "Lakini si mbaya."

Akalipa. Akafungua mlango, akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini, na akapaza sauti hata mabati yakatetemeka, kuku wakatawanyika, na boda boda mbili zikasimama bila kusimamishwa:

"MAMA MOURINE! IMEPATIKANA!"

Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la muuza mboga, mwanamke mwembamba mwenye skafu shingoni, aliyekuwa amechoka kuzungushwa madukani na kukataa katakata kuingia duka lingine, aliinua kichwa. Midomo yake ikacheza. Hakuna aliyesikia kitu.

Wepukhulu alimgeukia Nderitu.

"ANAULIZA KAMA KUNA YA RANGI NYEKUNDU!"