Wimbo wa Kumtoa Mama

Wimbo ukisharushwa hewani ni mali ya walimwengu, na wenyewe wakijaribu kuuimba nyumbani, koo hufungwa, haitoki sauti. Kalunde, mtangazaji wa redio ya jamii, aliijua fika sheria hiyo alipourusha wimbo wa mazishi wa ukoo wao. Ulisifiwa hadi wageni wakauimba kwenye matamasha ya ng'ambo, naye akatembea kifua mbele.

Leo mama yake yumo jenezani, na kwao maiti haivuki kizingiti bila wimbo ule. Wanawake wakafumbua vinywa. Ikatoka pumzi tupu. Wachukuzi wakasita.

“Si unao kwenye redio yako?” mama yake mdogo akamwambia bila kumtazama. “Ulete basi. Au dada yangu aozee humu ndani?”

Kalunde akapiga simu kituoni waurushe, akaiweka redio kizingitini. Ngoma zikalia, sauti za wageni zikaimba vizuri kuliko wao walivyowahi kuimba, na jeneza likainuliwa. Lilipofika mlangoni wimbo ukaisha, ukumbi wa tamasha ukalipuka kwa vifijo na makofi, watu wakipaza sauti: tena, tena, tena.

Mama mdogo akaizima redio, lakini uani kila mtu alikuwa ameshasikia.