Chini ya Picha ya Nane

"Internet njo nani?" Mama Huguette aligonga kioo cha kompyuta kwa ukucha. "Internet ilizalaka mutoto? Futa ile neno!"

"Mama, bantu bote banaandikaka vile," alijibu Myriam bila kumtazama.

"Basi bote njo bamwivi."

Walikuwa wakigombana tangu asubuhi. Kazi ya Myriam ya kumaliza masomo, kuhusu miamba ya shaba, ilitakiwa chuoni kabla ya saa sita mchana, na mwalimu msimamizi alikuwa ameonya: chini ya kila picha, jina la aliyeipiga, mahali na tarehe. Pasipo hayo kazi inarudishwa, na mwaka umepotea.

Picha saba hazikuwa na tatizo. Ya nane, ambayo chini yake Myriam alikuwa ameandika "Internet", ilionyesha ukuta wa shimo uliomulikwa kwa taa ya simu: mshipa wa kijani, na pembeni mistari minne iliyokwaruzwa kwa jiwe. Wachimbaji huhesabu magunia hivyo, alijisemea Mama Huguette.

Alijua picha ni ya nani. Ilitoka kwenye simu ya Dimitri, kaka mkubwa wa Myriam. Simu hiyo ilirudi nyumbani Dilala mwezi wa nane, shimo lilipofunguliwa upya, ikiwa imefungwa katika mfuko wa plastiki. Mama Huguette hakuwahi kuishika. Myriam ndiye aliyeichaji.

Tarehe tatu Aprili udongo uliporomoka ukawafunika wachimbaji kumi na mmoja, Dimitri akiwa mmoja wao. Kesho yake wakubwa wa machimbo walileta karatasi: hakuna aliye hai, familia zinakubali shimo lifukiwe. Wazazi wengine walisita. Mama Huguette, mwenye diploma yake, asiyependa maneno ya kuzungukazunguka, alisaini wa kwanza. Tingatinga likaunguruma mpaka jioni.

"Unasikia haya ya yaya yako Dimitri," alisema sasa. "Juu alikuwa muchimbaji."

"Hapana, mama."

"Basi andika jina yake!"

Myriam aliandika: Dimitri Nkulu, ndani ya shimo, Kolwezi. Vidole vikaishia hapo.

"Na tarehe?"

"Mama, nakuomba. Nitoe picha yote. Banipe zero, haina neno."

"Weye! Mutu amekufa, hata siku yake unamunyima?"

Alinyakua simu iliyokuwa kando ya kompyuta, akaifungua picha, akasukuma kidole juu mpaka maelezo yakatokea. Akasoma. Akasoma tena. Alipoinua macho, Myriam alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili.

"Sogea," alisema Mama Huguette.

Alikaa kwenye kiti cha binti yake, akamalizia mstari mwenyewe, herufi moja moja, kisha akabonyeza kutuma.

*Picha ya 8. Dimitri Nkulu, ndani ya shimo, Kolwezi, tarehe 7 Aprili.*